Boriti ya Ghala na Mzigo Wake

Chama cha msingi kinapojenga ghala lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, mazao yote ya wanachama hubebwa na boriti chache zisizoonekana. Leja huonyesha idadi ya magunia. Haionyeshi yamepangwa wapi. Boriti, kwa upande wake, hujali yote mawili.

Mzigo huishambulia boriti kwa njia mbili. Kwanza hutaka kuikata, yaani sehemu moja ishuke na ya pili ibaki, kama mkasi ukatavyo nguo. Hiyo ni kani ya mkato. Pili hutaka kuipinda, kama mtu avunjavyo kijiti gotini. Huo ni momenti wa kupinda, nao hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka mahali panapopimwa.

Vipimo hivi vyaweza kuonekana kwa mizani mbili za ghala, baada ya msimu, maana mizani ya kununulia haifai kuchezewa wakulima wakiwa kwenye foleni. Ubao wa mita 4 huwekwa ncha zake juu ya mizani hizo, na uzito wa ubao wenyewe hutolewa katika hesabu. Gunia la kilo 40 likiwekwa katikati, kila mzani husoma 20. Likisogezwa hadi mita 1 kutoka mzani wa kushoto, wa kushoto husoma 30 na wa kulia 10. Hizo ndizo kani za mkato za pande mbili za gunia. Momenti chini ya gunia ni 30 mara mita 1, yaani 30. Kwa upande wa pili ni 10 mara mita 3, yaani 30 vilevile. Majibu yasipolingana, kuna kosa la kusoma. (Mhandisi angeandika nyutoni, kilo moja ni karibu nyutoni 10.)

Sasa boriti ya mita 4 ipewe magunia 12 ya kilo 100. Yakitandazwa sawasawa, kila ukuta hubeba kilo 600, na momenti wa katikati ni 600. Yakirundikwa yote katikati, kuta hazioni tofauti, lakini momenti hupanda hadi 1,200. Magunia ni yaleyale, leja ni ileile, na boriti inapindwa maradufu. Yakirundikwa nusu mita kutoka ukuta mmoja, momenti hushuka hadi 525, ila kani ya mkato kwenye ukuta huo hufika 1,050. Fundi aliyechonga ncha ya boriti ili iingie ukutani, au mchwa aliyeila, ataonekana hapo.

Katibu anayekagua basi atazame upande wa chini, katikati, kama kuna nyufa za kukatisha mbao. Na kwenye ncha, kama mbao inapasuka kwa urefu wake. Atazame pia boriti ilivyolazwa: mbao ya sentimita 5 kwa 15 ikisimamishwa kwa ubavu hustahimili kupinda mara 3 kuliko ikilazwa bapa.

Nguzo ya katikati chini ya boriti nzima isiyoungwa hupunguza momenti wa mzigo uliotandazwa kutoka 600 hadi 150. Lakini nguzo hiyo hubeba kilo 750 kati ya 1,200, kwa hiyo isimamishwe juu ya msingi wa zege, si juu ya udongo mtupu.