SOMO LA KIKUNDI: AKIBA YA FOSFORASI IKO WAPI?



Majani ya chini ya mahindi machanga yakigeuka rangi ya zambarau, wengi husema ni baridi ya huku Werugha. Mara nyingine ni kweli, na jua likishika rangi huondoka. Isipoondoka, huenda mmea una njaa ya fosforasi.

1. Mmea huipataje?
Fosforasi haitembei mbali udongoni. Mzizi huchukua tu ile iliyo karibu sana nao, na kuvu wa udongoni wenye nyuzi nyembamba huusaidia kufika mbele kidogo. Udongo mwekundu wenye asidi huishika fosforasi na kuinyima mizizi. Ndiyo maana mbolea ya kupandia hutiwa shimoni, ichanganywe na udongo isiguse mbegu.

2. Huiweka wapi?
Jani huitumia kutengeneza chakula cha mmea. Inayozidi huwekwa akiba ndani ya jani. Njaa ikiingia, mmea hutoa akiba ya majani ya zamani ukayapa machanga, kama mama anayewapakulia watoto kwanza. Kwa hiyo kagua majani ya chini. Mahindi yakikomaa, sehemu kubwa huhamia kwenye punje. Ukiuza gunia, umeuza na fosforasi ya shamba lako.

3. Je, alizeti mwitu itatosha?
Ni ule mmea wa maua ya njano unaoota kando ya barabara. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Maseno, magharibi mwa Kenya, waliona majani yake yana fosforasi nyingi: kama gramu 3 hadi 4 kwa kilo moja ya majani makavu. Yakifukiwa mabichi huoza haraka na kulisha mimea.

Lakini tupige hesabu. Gunia la DAP la kilo 50 lina fosforasi kilo 10 hivi. Kuipata kwa majani, unahitaji karibu tani 3, tena makavu! Basi majani yapeleke kwenye vitalu vya mboga. Mabua wakila ng'ombe, samadi irudi shambani. Halafu kikundi kichange pesa, mnunue gunia moja mgawane, kila mtu atie kidogo shimoni.

Maswali ya kujadili
(a) Ni nini hutoka shambani mwako kila msimu, na ni nini hurudi?
(b) Samadi yako huishia wapi?