Kwa Nini Buti la Ngozi Hukakamaa, na Namna ya Kulizuia

Wakati wa masika, dereva wa bodaboda anayetoka Kilosa kwenda Mikumi kwa njia ya Ulaya hashangai kulowa miguu. Jioni huvua mabuti yake, huyaegemeza karibu na mafiga, na asubuhi huyakuta makavu lakini yamekakamaa. Haupiti muda mrefu ngozi inapasuka pale inapojikunja, juu ya vidole, naye huyalaumu maji. Maji hayana kosa kubwa. Kosa ni la moto ule wa jioni, na ili kulielewa inabidi tuanze na ngozi yenyewe.

Ngozi imeundwa na nini?

Ukiondoa maji, sehemu kubwa ya ngozi ya ng'ombe ni protini iitwayo kolajeni. Molekuli moja ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotana, kama kamba ya mkonge inavyosokotwa kutokana na nyuzi tatu. Molekuli hizo hukusanyika zikawa vinyuzi, vinyuzi vikawa nyuzi nene zaidi, na nyuzi hizo zimepishana kila upande: juu, chini, kushoto, kulia. Kitambaa kikikatwa uzi mmoja huanza kufumuka. Ngozi haifumuki, kwa sababu kila uzi umeshikwa na wenzake pande zote.

Umuhimu wa jambo hili huonekana pikipiki inapoanguka. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa ana nishati ya mwendo sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 6 hivi. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na huko swala au nyani anaweza kuingia barabarani ghafla. Pikipiki ikilala, nishati ile huishia kwenye msuguano kati ya lami na chochote kinachoigusa. Kwa aliyevaa kandambili, kinachoigusa ni kifundo cha mguu. Kwa aliyevaa buti, lami hulazimika kwanza kukwangua nyuzi zilizoshikana, uzi baada ya uzi.

Kuna na ekzosi. Plastiki ikigusa bomba la moto huyeyuka na kuganda kwenye mwili. Ngozi haiyeyuki, huungua taratibu juu juu, na dereva hupata nafasi ya kuondoa mguu.

Kwa nini buti halinuki mzoga?

Ngozi mbichi ikilowa huoza, kwa kuwa bakteria huila kolajeni. Ikikaushwa tu bila dawa huwa ngumu. Ndiyo hiyo inayowambwa kwenye ngoma. Ili iwe laini na isioze, lazima molekuli zake zifungwe pamoja kwa kitu cha tatu.

Ng'ata bibo la korosho usikie mdomo unavyokauka na kukaza. Hiyo ni kazi ya tanini, kemikali za mimea zinazoshikamana na protini za mate yako. Kwenye kiwanda cha ngozi tanini hizo hizo hushikamana na kolajeni. Magome ya mikoko ya Rufiji yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hii, na magome ya miti ya miwati ya Njombe hukamuliwa tanini mpaka leo. Njia iliyoenea zaidi sasa ni ya chumvi za kromiamu, ambazo hufunga kolajeni kwa nguvu zaidi. Kipimo chake ni joto: ngozi mbichi iliyolowa husinyaa ikifika nyuzijoto 65 hivi, iliyotiwa tanini za magome huvumilia hadi kati ya 75 na 85, na ya kromiamu hupita 100.

Ngozi ikishatoka hapo hutiwa mafuta. Mafuta hufunika nyuzi moja moja ili ziteleze zinapojikunja. Ulaini wa buti ni kuteleza huko kwa nyuzi, basi.

Maji yanapoondoka

Buti likilowa, maji hujaa kati ya nyuzi. Yanapokauka, tabaka la maji linalobaki huwa jembamba, na mvutano wake huzisogeza nyuzi hadi zigusane. Penye mafuta zitateleza na kuachana tena ukivaa. Pasipo mafuta zitagandamana, nawe utasema buti limekakamaa.

Sasa lete moto. Uso wa ngozi hukauka na kusinyaa wakati ndani bado pana maji, na tofauti hiyo huzaa nyufa. Maji yanayokimbilia nje hubeba chumvi za jasho, ndiyo mistari myeupe tunayoiona asubuhi. Upande uliotazama makaa unaweza kupita kile kiwango cha kusinyaa, na hapo kolajeni hairudi tena. Gundi ya soli nayo hulainika na kuachia. Jua la mchana hufanya kazi hiyo hiyo polepole zaidi, hasa kwa buti jeusi.

Udongo mweusi wa mbuga za Mkata huongeza tatizo. Chembe zake ni ndogo mno na hupenda maji. Tope likikaukia kwenye buti hunyonya unyevu na mafuta ya ngozi, kisha chembe zilizobaki kwenye mikunjo hukwangua kila unapopiga hatua.

Utaratibu unaofaa

Toa tope siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye maji na brashi laini. Usitumie petroli, kwani huyeyusha mafuta ya ngozi na kuharibu soli. Legeza kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti, na yabadilishe yakilowa. Weka mabuti kivulini penye upepo, yalale ubavu ili soli nayo ipumue. Yape siku moja au mbili. Mwenye uwezo awe na jozi mbili za kupokezana.

Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu kidogo, kabla nyuzi hazijagandamana. Mafuta ya nyonyo yanafaa kwa sababu hayagandi yakikaa hewani. Ya alizeti hushika hewa yakawa ya kunata. Oili chafu ya injini iepuke kabisa: ina asidi na vumbi la chuma. Paka kiasi kidogo, kwa kitambaa, ukikazia mikunjo, mishono, na ncha ya buti la kushoto inayosuguliwa na gia. Buti likishakauka, nta ya nyuki au kiwi ipakwe nyembamba juu. Ikiwa nene huziba njia ya mvuke wa jasho, na mguu hulowa kutoka ndani.

Wakati wowote unaweza kuliuliza buti linahitaji nini. Dondosha tone la maji juu ya vidole. Likisimama na kuviringika, liache. Likitanda taratibu, linahitaji nta. Likinywewa papo hapo na kuacha doa jeusi, mafuta yameisha ndani, na jioni hiyo hiyo ndiyo ya kuyarudisha, kabla ya mvua ya kesho.