Dondoo muhimu: Kutoa maoni kuhusu mpango kabambe wa jiji

Mpango kabambe ukishaidhinishwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya mwaka 2007, kuubadilisha ni kazi ngumu, sema mapema.

1. Fuatilia matangazo katika ofisi ya serikali ya mtaa na ya halmashauri. Usitegemee habari za kusikia.
2. Tazama ramani mwenyewe, na umwombe afisa mipango miji akueleze maana ya kila rangi.
3. Tafuta kiwanja chako, kisha barabara, shule, soko na maeneo ya wazi ya mtaa wako.
4. Kagua mito na fukwe: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo zake.
5. Usiandike “napinga” tu. Taja namba ya kiwanja na kitalu, sababu, na pendekezo mbadala.
6. Ambatisha picha na nakala za hati; halisi baki nazo.
7. Wapangaji na wachuuzi, nanyi semeni, mpango unawagusa.
8. Usisaini karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari.
9. Wasilisha kabla ya tarehe ya mwisho, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.