Cheti cha Utumishi, Barua ya Sifa na Mtu wa Kukusemea

Masika yakiingia Unguja, hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje hupunguza watu. Wengine huambiwa wasubiri msimu wa Juni, wengine huondoka moja kwa moja na mshahara wao wa mwisho. Wiki chache baadaye mtu huyo anapeleka maombi katika hoteli ya Shangani au Mkunazini, na kwenye usaili anaulizwa: ulikuwa wapi kabla ya hapa, na nani tumpigie simu atuambie habari zako? Amekaa jikoni miaka minne, anajua kazi yake, lakini hana karatasi hata moja inayosema hivyo. Nafasi inakwenda kwa mwenye karatasi.

Ndugu msomaji, tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya, waajiri wakiwamo. Kuna cheti cha utumishi na kuna barua ya sifa. Cheti cha utumishi ni rekodi: jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, kazi uliyokuwa ukiifanya, tarehe uliyoanza na tarehe uliyoacha. Hakikusifu wala hakikulaumu. Barua ya sifa ni maoni ya bosi wako kuhusu uaminifu, bidii na ujuzi wako. Ukienda kudai maoni kana kwamba ni haki yako, utagombana na watu bure. Ukiomba rekodi kana kwamba unaomba hisani, utanyimwa kitu unachostahiki.

Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Namba 166 la 1982, linasema mfanyakazi aliyeachishwa kazi apewe akiomba cheti chenye tarehe na aina ya kazi tu. Tathmini ya mwenendo wake iandikwe pale tu yeye mwenyewe anapoitaka. Sheria za majirani zetu zimefuata njia hiyo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtia hatiani mwajiri anayekataa kwa makusudi kutoa cheti au anayeandika ndani yake jambo analojua ni la uongo. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya kusifu tabia au utendaji wa mtu.

Kunyamaza kwa cheti kuhusu tabia ni ulinzi kwa mfanyakazi, na historia ya pwani na bara inatuonesha sababu. Kenya ya kikoloni, kwa sheria ya usajili ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande, yaani cheti cha usajili, ndani ya kikopo cha bati, mara nyingi kikining'inia shingoni. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na mshahara aliolipwa. Mwajiri asipotia saini ya kumwachia, mtu huyo alionekana mtoro na hakuweza kuajiriwa kwingine. Karatasi ya kazi iligeuzwa mnyororo, na kipande kikawa miongoni mwa malalamiko aliyoyabeba mwanaharakati Harry Thuku mpaka akakamatwa Machi 1922. Karibu na zama zetu, Oman, ambako ndugu zetu wengi hutafuta riziki, mfanyakazi mgeni aliyemaliza mkataba alihitaji hati ya kutopingwa na mwajiri wake ndipo ahamie kwa mwingine. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021. Mwajiri wa zamani hapaswi kushika ufunguo wa riziki yako ya kesho, na ninalisema hili kwa moyo wote.

Sasa hapa kwetu. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Mtu anasoma kwenye simu habari za CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku zake 30 za kufungua mgogoro wa kuachishwa kazi, anadhani zinamhusu, kumbe tume hiyo ni ya Bara. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Watumishi wa Serikali wana Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Mlango wa kwanza wa kugonga ni Kamisheni ya Kazi. Mgogoro ukishindikana kumalizwa na mwajiri, kipo kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichowekwa na sheria ya 2005, chenye kazi ya kusuluhisha na kuamua, na juu yake ipo Mahakama ya Kazi. Nenda mapema, na siku hiyohiyo uulize muda wa mwisho wa kuwasilisha lalamiko lako.

Cheti omba kwa maandishi, hata kama meneja ni rafiki yako. Barua fupi inatosha: "Nilifanya kazi hapa kama mpishi msaidizi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Naomba cheti cha utumishi kinachoonesha tarehe hizo na kazi niliyoifanya." Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, au tuma kwa baruapepe ili ibaki kumbukumbu. Akikataa, au akakwambia urudi wiki ijayo kwa mara ya tatu, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka Kamisheni ya Kazi. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi amwone pia kiongozi wake wa tawi. Vyama vilivyo chini ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, ZATUC, vina uzoefu wa mambo haya.

Na kama mwajiri mwenyewe hayupo tena? Machi 2020, ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya korona, hoteli zilifunga milango na wafanyakazi wakarudi majumbani. Hoteli hubadili jina au mmiliki, meneja wa kigeni hurudi kwao, na namba yake ya simu haipatikani tena. Hapo ndipo karatasi ndogondogo zinapokuwa na thamani: mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi, ratiba ya zamu yenye jina lako. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni taarifa ya michango kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, kwa sababu inaonesha nani alikuchangia na kwa miezi ipi, na imetoka kwa chombo cha sheria. Ukiona kuna miezi uliyokatwa mshahara lakini haimo katika taarifa hiyo, hilo ni lalamiko jingine la kupeleka ZSSF.

Barua ya sheha si ushahidi wa namna hiyo. Inathibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa shehia yake, wala haimwambii mwajiri kama unajua kupika.

Tuje kwa wadhamini, yaani watu unaowaandika mwishoni mwa maelezo yako binafsi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika jina la mjomba mwenye cheo, au la mtu maarufu ambaye hajawaona wakifanya kazi hata siku moja. Mdhamini mzuri ni aliyekusimamia: mpishi mkuu, msimamizi wa zamu, mwalimu wa chuo. Tena aombwe ruhusa kwanza. Mtumie ujumbe: "Assalamu alaykum Mwalimu. Nimeomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja Paje. Naomba ruhusa yako nikutaje kuwa mdhamini wangu; wanaweza kukupigia wiki hii." Mkumbushe ulifanya nini chini yake na mwaka gani, maana mtu akipigiwa ghafla akasita, mpigaji husikia kusita kuliko maneno. Akijibu kwa baridi, mshukuru na utafute mwingine. Ikiwa bado uko kazini, andika wazi kwamba mwajiri wako wa sasa asipigiwe mpaka utakapokubaliwa kazi; wapo waliopoteza kazi ya zamani kabla ya kuipata mpya kwa simu moja tu.

Bosi wa zamani akikusema vibaya, swali ni kama alisema kweli na kwa nia gani. Sheria kwa kawaida humkinga anayejibu kwa uaminifu swali la mwajiri mwenziwe, hata kama jibu linauma. Kinga hiyo huondoka akisema uongo kwa chuki. Uingereza, mwaka 1994, mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance. Mwuza bima alikosa kazi mpya kwa sababu kampuni ya zamani ilimwandika kuwa si mwadilifu, bila kuchunguza inavyotakiwa. Mahakama ilisema anayetoa maelezo kuhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila zinaweza kuizingatia. Waajiri nao wapate faraja: kuandika tarehe na cheo kwa usahihi kunawalinda kuliko kuandika hasira.

Usighushi barua wala muhuri. Ni kosa la jinai, na Unguja ni ndogo. Mameneja wa Mji Mkongwe na wa mashamba wanajuana.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 imeweka utaratibu wa msaada kwa wasio na uwezo, wasaidizi wa sheria wapo katika wilaya, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinafanya kazi hiyo tangu 1992. Nenda na karatasi zako zote, za asili na nakala, na usimwachie mtu yeyote zile za asili.