Mafunzo Niliyopata Nikikaza Bolti Nyankunde

Nyankunde, hapa kwetu Ituri, iko kilomita kama 45 kutoka Bunia, lakini mashine zinazotufikia zimetoka mbali: jenereta za Kichina, pikipiki za Kihindi, Land Cruiser za Kijapani, malori ya zamani ya Kifaransa. Kila kitabu kina namna yake ya kuandika nguvu ya kukazia bolti. Namna zote ni za metriki, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wanaona metriki ni moja.

1. Chagua kipimo kimoja, mengine yote yageuze.

Mimi nafanya kazi kwa niutoni-mita (N·m). Kilogramu-mita (kgf·m, ambayo vitabu vya zamani vya Kifaransa huandika m.kg) nazidisha kwa 9.81. Deka-niutoni-mita (daN·m) nazidisha kwa 10. Kilogramu-sentimita (kgf·cm) nagawanya kwa 10.2. Hesabu hizi tatu zimenitosha kwa karibu kila gari lililopita mikononi mwangu.

2. Koma ni hatari kuliko hesabu.

Kitabu cha Kijapani cha lugha ya Kiingereza kimeandika 1,150 kgf·cm. Kijana niliyekuwa namfundisha, aliyesoma shule kwa Kifaransa kama sisi wote hapa Ituri, akaniuliza: “Papa, hii ni kilo moja na kitu?” Shuleni kwetu koma hutenga desimali, katika kitabu kile ilikuwa inatenga maelfu. Namba ni elfu moja mia moja na hamsini, yaani N·m 113. Anayeisoma 1.15, tena akadhani kipimo ni kgf·m, atakaza N·m 11 tu, kisha gari litatoka kwenda kukutana na mashimo ya barabara ya Bunia.

Tangu hapo namfundisha kila kijana kutazama bolti kabla ya kuamini namba. Bolti ya kawaida ya milimita 6 inataka kama N·m 10. Ya milimita 12 inataka kama 80. Ukipata jibu la 11 kwa bolti nene kama kidole, rudi kwenye kitabu.

3. daN·m na kgf·m zinakaribiana, ila daN·m na N·m ni mbali.

Tofauti ya kgf·m 1 na daN·m 1 ni asilimia 2. Spana ya kupimia, ile tunayoiita dinamometrike, hata ikiwa nzuri inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 4. Kwa hiyo sigombani na fundi anayezichukulia sawa kwenye nati za gurudumu. Lakini “9” ya kitabu cha Kifaransa inaweza kuwa 90 yako. Usisome namba ukaacha herufi zinazoifuata.

4. Umri wa kitabu unasema mengi.

Niutoni ilipewa jina hilo mwaka 1948, na mfumo wa SI ukapitishwa 1960. Viwanda havikuhama siku hiyo hiyo. Japani iliendelea na kilogramu ya nguvu hadi sheria yake ilipoifunga mwezi wa tisa 1999. Ukishika kitabu cha Land Cruiser ya miaka ya 1980 au 1990, tarajia kgf·cm.

5. Bidoni la maji hupima spana.

Huku hakuna maabara ya kurekebishia vipimo karibu, nasi tunajisaidia. Bana kichwa cha mraba cha spana ya kupimia kwenye jiriwa, mpini ulale sawasawa kama meza. Pima sentimita 50 kutoka katikati ya kile kichwa hadi pale mkono unaposhika, kisha ning'iniza hapo bidoni lenye lita 10 za maji. Kilo 10 mara nusu mita ni kgf·m 5, yaani N·m 49. Bidoni lenyewe na mpini vinaongeza kidogo. Ukiiweka spana kwenye 45, lazima ilie. Ukiiweka kwenye 60, inyamaze. Ikilia kwenye 60, spana hiyo imechoka.

Mwalimu mmoja wa fizikia aliniambia kwamba huku karibu na ikweta, tena juu mlimani, uvutano ni pungufu ya ile 9.80665 iliyokubaliwa mwaka 1901. Ni kweli: wetu ni kama 9.78. Pengo hilo ni theluthi ya asilimia moja, nami nilimpa chai tukaendelea na kazi.

6. Oili hubadilisha namba bila kugusa kipimo.

Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka, kama asilimia 90, inaliwa na msuguano. Ukipaka oili kwenye nyuzi ambazo kitabu kinataka ziwe kavu, namba itakuwa sahihi na bolti itakuwa imevutwa kupita kiasi. Bolti za kichwa cha injini ndizo zinazoadhibu haraka.

7. Andika jibu kwenye mashine.

Vitabu vinaliwa na mchwa na mvua. Kwenye jenereta ninazozihudumia naandika kwa rangi, kando ya bolti, namba pamoja na “N·m”.

Nanyi mnaoleta mashine Ituri, iwe kwa msaada au kwa biashara: leteni na kitabu chake. Kama kimepotea, ulizeni kiwandani, mtuandikie namba za bolti kwenye karatasi, na kipimo chake pembeni.