Reli Mbili za Broken Hill

Mji wa Broken Hill uko katika nchi kame ya Australia. Mwaka 1883 Charles Rasp, mtumishi wa shamba la kondoo, aliona huko mawe yenye madini. Mwaka 1888 kampuni moja ilimaliza kujenga reli ya maili 36 hadi mpakani mwa South Australia, fedha na risasi zipate kupelekwa pwani. Upana wake ulikuwa futi 3 na inchi 6. Mwaka 1927 ikafika reli ya kutoka Sydney, yenye upana wa futi 4 na inchi 8½, maana kila jimbo lilijichagulia kipimo chake. Njia zikakutana, lakini mabehewa hayakuweza kupita; mizigo ilishushwa na kupakiwa tena. Taabu hiyo ilikwisha mwaka 1970, kipimo kilipokuwa kimoja.

Wanafunzi, angalieni: wajenzi wasiposhauriana, wajukuu hubeba mzigo.