Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka

Kikundi cha akiba hapa kisiwani kikiwa na kompyuta, mara nyingi ni moja tu, kuukuu, ya mtumba au ya zawadi, na ndani yake mna hesabu za wanachama wote. Siku ya mkutano mweka hazina anabonyeza, kimya! Kabla ya kuchanga pesa za fundi, jikagulieni wenyewe kwanza. Mtahitaji bisibisi na raba ya penseli.

Anzeni na stima. Chomekeni redio kwenye soketi ileile. Isipolia, kompyuta haina makosa. Ikilia, fungueni plagi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, nayo ikikatika mashine nzima huonekana imekufa. Wekeni nyingine ya kiasi kilekile, msifunge waya.

Halafu tazameni nyuma, pale waya wa stima unapoingia. Mashine nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hiyo lazima isomeke 230. Kompyuta iliyotoka Marekani, kwenye stima ya volti 120, yaweza kufika ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo utasikia mlipuko na harufu ya kuungua, na pawasaplai imekwisha, yaani lile sanduku la chuma linalopokea stima. Sanduku hilo msilifungue kabisa, hata waya ukiwa umechomolewa, kwa sababu hubaki na umeme wa kumdhuru mtu. Lakini kulibadilisha zima ni kazi nyepesi kwa fundi.

Je, feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi? Hakikisheni kwanza waya wa skrini haujalegea. Kisha kumbukeni kwamba sisi wa Mombasa tuna adui wetu, hewa ya chumvi. Kompyuta iliyokaa dirishani Mji wa Kale, ikipigwa na upepo wa bahari mchana kutwa, hushika kutu pale vyuma vinapogusana. Chomoeni stima, bonyezeni kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe, na mguse chuma cha kasha. Toeni memori, ile kadi nyembamba yenye meno ya rangi ya dhahabu. Sugueni meno polepole kwa raba, pangusani, mrudishe mpaka vishikio vibane. Mara nyingi mashine huamka hapo hapo.

Ikiwaka lakini tarehe imerudi nyuma miaka mingi, badilisheni betri ya ndani inayofanana na sarafu. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3. Msipofanya hivyo, malipo ya mwanachama yataandikwa mwaka ambao kikundi hakijazaliwa.

Angalieni pia vikopo vidogo vilivyosimama kwenye ubao mkuu. Vikiwa vimevimba kichwa au vinavuja, ubao umechoka. Kompyuta za mwanzo wa miaka ya 2000 ziliugua hivyo sana. Hapo msiendelee kutia pesa. Lakini ubao kufa si hesabu kufa! Hesabu zimo kwenye diski, nayo yaweza kuunganishwa na kompyuta nyingine. Mwandikieni fundi, atie sahihi, kwamba hafuti kitu mpaka hesabu zitolewe. Wako mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kufuta kila kitu, hata ugonjwa ukiwa wa fyuzi.

Na ile inayowaka lakini inajikokota? Pesa zikiwa chache, nunueni kwanza diski mpya ya aina ya SSD, kisha memori ifike angalau GB 4. Nendeni dukani na kadi ya zamani mkononi, maana DDR2 haiingii mahali pa DDR3. Kama diski yenu imeunganishwa kwa waya bapa mpana, mashine ni ya zamani mno kwa SSD ya kawaida, acheni. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Linux Mint ni ya bure, na huja na LibreOffice ya kuwekea hesabu.

Kila baada ya mkutano nakilini hesabu kwenye flashi, nayo akae nayo mtu asiye mweka hazina, nyumba nyingine.